Kiti cha Nyuma cha Gari la Melkizedeki

Aliyeniambia kwanza ni wifi yangu Esta. Alinikuta naosha vikombe, akasema, "Gari la Melkizedeki linakwenda Mungaa kesho alfajiri, lakini jana jioni nimepishana nalo limejaa magunia, taa zinamulika matawi ya miti. Barabarani giza." Nikashtuka, maana nafasi nilikuwa nimeshaomba. Mama yangu yuko Mungaa, hajamwona mwanangu Belinda tangu azaliwe, na Jumapili ndiyo ubatizo. Hapa ninapouzia kahawa, kwenye kona ya soko la Mtinko, watu wa kuwauliza wapo, na wote wanajua magari. Yaani wanajua kuyakalia, kwa sababu benchi letu ni kiti cha nyuma cha gari hilohilo. Melkizedeki alikifungua wakati wa alizeti apate nafasi ya magunia, akatuachia kwa muda. Muda huo umenitosha kukishonea foronya ya kitenge. Bolti zake nne ni kingi za drafti. Nami nisijidanganye: wateja wangu hawafuati kahawa, wanafuata springi.

Jioni hiyo walikuwapo watatu. Bonaventura tunamwita Injinia, kwa kuwa aliwahi kumshikia fundi tochi kule Manyoni. Chediel ni Ruksa, neno analojibia kila kitu tangu biashara zifunguliwe na magari ya mitumba yaanze kumiminika. Mzee Alute hana jina la utani. Ana mahali pake pale katikati, ambapo springi haichomi.

Nilimeza aibu, nikauliza huku nalitazama jiko, kana kwamba ndilo litakalojibu:

— Eti, taa za gari zikiangalia juu, ni ugonjwa gani?

Injinia: Huo si ugonjwa, mama Belinda, ni utaalamu. Taa inaangalia juu ili dereva aone kama mzigo wa kwenye keria bado upo.

Ruksa: Keria iko juu ya kichwa chake. Ataionaje?

Injinia: Kwa kivuli, bwana! Wewe umeshika tochi lini?

Mzee Alute: Vijana, gari likilemewa nyuma, pua inapanda. Hata punda ukimpakia makalioni ananyanyua kichwa. Dawa ni kuliwekea kitu puani.

Injinia: Ndiko nilikokuwa nakwenda. Tuweke jiwe kwenye boneti. Wahenga walisema, asiye na mwana aeleke jiwe.

Ruksa: Jiwe litateleza. Funga beberu. Anajishikilia mwenyewe kwa kwato, na macho yake gizani yanawaka. Umepata taa mbili za bure.

Mzee Alute: Na akiona majani pembeni?

Ruksa: Ndiyo indiketa hiyo! Akigeuza shingo kushoto, wa nyuma anajua tunakwenda kushoto.

Nilicheka mpaka nikamwaga kahawa. Kwa muda nikasahau kwamba abiria wa beberu huyo ni mimi.

Mara Melkizedeki mwenyewe akaegesha mbele yetu. Mikeka ilining'inia kutoka kwenye keria, ikafunika taa za nyuma kama mtandio.

Melkizedeki: Kahawa, mama Belinda. Kesho usichelewe.

Mzee Alute: Kijana, taa zako za nyuma umezivalisha mikeka.

Ruksa: Taa za nyuma za nini, kwani anarudi? Mungaa iko mbele.

Injinia: Usimtishe dereva, Mzee. Chombo cha kuzama hakina usukani, na hili usukani linao.

Melkizedeki: Msijali. Vitunguu nimeviweka kwenye keria, vipate hewa. Ndani nimepanga alizeti mpaka karibu na paa. Mama Belinda nimemwachia pale juu ya magunia, analala kabisa na mtoto wake.

Ruksa: Godoro hilo! Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Niliitazama nafasi hiyo. Paka angelala. Sisi wawili, breki moja tu ingetutoa huko juu na kututupa kwenye kioo cha mbele. Belinda alikuwa mgongoni, ananipumulia shingoni. Nilitaka kusema. Nikamimina kahawa.

Injinia: Ila tusitaniane, usalama wa abiria ni kiti. Kiwe laini, kisiyumbe. (Akarukaruka pale alipokaa.) Kama hiki!

Mzee Alute: Hiki ndicho kiti. Tangu kije hapa hakijapata ajali hata moja.

Hapo akaja bibi mmoja na tenga la kuku. Ni Elizabeti, wa Mitundu, aliyekuja kumtazama binti yake.

— Shikamoo bibi, wakasema wote.

— Marahaba, wanangu.

Wakasogeleana wampishe. Akakaa, akabonyeza springi kwa kiganja, akakubali kikombe.

— Kesho na mimi nimo kwenye gari hili, akasema. Sisi abiria, kiti chetu kiko wapi?

Ruksa akaitazama kingi mkononi mwake kama aliyeiokota sasa hivi. Injinia akakohoa. Mzee Alute akafuta vumbi kwenye kitenge changu. Melkizedeki akanywa kikombe kilichokwisha zamani. Na mimi, mwenye foronya? Niliuliza nani aongezwe. Birika lilikuwa tupu.

Alfajiri yake nilifika kabla ya wote. Nikavua foronya, nikaikunja. Bolti tatu nikaziokota kwenye ubao wa drafti. Ya nne ilikuwa kwenye mraba wa kona, Ruksa alipokuwa amebakiza hatua moja ashinde. Nikaichukua pia. Bibi Elizabeti akashika kiti upande mmoja, mimi mwingine, Belinda mgongoni.

Melkizedeki alitukuta tumesimama na kiti mlangoni mwa gari lake.

— Kaka, shusha magunia, nikamwambia, na sauti niliisikia mwenyewe. Tunafunga kiti.

Alizeti nyingine ikabaki sokoni. Vitunguu vikashuka sakafuni, mikeka ikapanda juu, ikakazwa kamba isining'inie. Alipowasha taa, mwanga ukaangukia barabara.

Bolti ya Ruksa niliikaza mwenyewe.