Bendera ya Dakika ya Themanini na Tatu

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi. Mama Elisifa, Mwenyekiti wa klabu yetu ya Rau Nyota. Baba Paroko na viongozi wengine wa dini. Makocha mliotoka Himo, Kilema na Machame. Wachezaji wa zamani, ambao matumbo yenu yanatuthibitishia kwamba kweli mlistaafu. Wachezaji wa sasa. Majirani wote wa Rau. Wazee wangu, shikamooni. Na wewe mwenye shughuli, Mwalimu Kalisti Kessy, unayetuaga leo baada ya kustaafu ukocha, pamoja na mama yetu Digna aliyekuvumilia wewe na mipira yako sebuleni, nawasalimu kwa heshima.

Mama Mwenyekiti amenipa dakika kumi. Amenivuta pembeni pale akaniambia, "Mzee Misumari, usiende kuuza misumari mbele za watu. Sema habari za Kalisti, ushuke, ndizi na nyama za machalari zinapoa." Nitajitahidi. Kwa wageni msionijua, naitwa Dhirendra. Nimezaliwa Moshi, baba yangu alizaliwa Moshi, na duka letu la vifaa vya ujenzi liko palepale alipolifungua babu. Kwenye ratiba nimeandikwa "Mfadhili wa Klabu". Naomba neno hilo tuliweke kando kwanza, kwa sababu nimekuja na jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu, na likinishinda leo najijua, sitalisema tena.

Nianze na sifa, maana ndizo nilizoagizwa.

Wengi wenu mnamjua Kalisti wa filimbi na kofia. Mimi nilimjua Kalisti wa miguu. Alianzia kwao Kilema, kwenye uwanja ulioinama hivi, kiasi kwamba ukiukosa mpira upande wa chini unaufuata kwenye migomba ya watu, na mwenye migomba hakurudishii mpaka umemwambia wewe ni mtoto wa nani. Kalisti alijifunza kutuliza mpira kwa sababu ya uvivu wa kuufuata. Hilo amelisema mwenyewe, simsingizii. Akiwa na miaka kumi na tisa alishuka kule kwenye mashamba ya miwa, akaajiriwa karakana, mchana anafungua boliti za matrekta na jioni anachezea timu ya kiwanda cha sukari. Msimu mmoja alifunga mabao ishirini na mawili. Mabeki walikuwa wakiuliza kabla ya mechi kama anacheza, na wakiambiwa ana malaria, walikuwa wanamshukuru Mungu hadharani.

Mimi wakati huo nilikuwa mwamuzi. Nilipenda mpira, mpira haukunipenda, basi nikasomea sheria zake ili nisifukuzwe uwanjani. Nilikuwa mshika kibendera wa mkoa huu kwa miaka tisa.

Sasa, mechi ya mwaka tisini na moja kila mtu hapa anaijua, hata ambao hawakuwa wamezaliwa. Timu ya kiwanda na timu iliyotoka Dar es Salaam, pale mjini, uwanja umejaa mpaka juu ya ukuta. Jukwaani walikaa mabwana wawili wa klabu kubwa ya Dar, waliokuja kwa ajili ya mtu mmoja tu, Kalisti. Tukiwa bao moja kwa moja, dakika ya themanini na tatu, ukapigwa mpira mrefu katikati ya mabeki, Kalisti akaukimbilia, akamzunguka kipa, akafunga. Watu wakaruka. Halafu wakatazama pembeni, wakamwona Mhindi mmoja mwembamba amesimama na bendera juu.

Ameotea. Bao likafutwa, mechi ikaisha sare. Mabwana wale wawili walirudi Dar na winga wa timu nyingine ya mkoani, nasikia hata jina lake walikuwa hawajalijua vizuri. Kalisti akabaki na boliti zake. Miaka minne baadaye goti likamalizika.

Yaliyofuata mnayajua. Alianza ukocha Himo, na wapakia mizigo na matingo wa malori, timu ambayo nusu ya wachezaji walikuwa wanaondoka na lori kabla ya kipindi cha pili. Kisha akaja Rau. Miaka ishirini na minne ametufundishia vijana wetu kwenye uwanja ambao aliung'oa visiki kwa mikono yake. Ametupandisha daraja mara mbili, na ile mara tuliyoshuka alikuja mazoezini Jumatatu saa kumi kamili kama kawaida, akamkuta mchezaji mmoja tu, akamfundisha huyo mmoja. Alipoanzisha timu ya wasichana, baadhi yetu tulicheka. Nani anacheka leo? Kindness yuko pale mbele, amekuja na jezi ya taifa, msimtazame sana ana aibu.

Na kila mshambuliaji aliyepita mikononi mwake, kuanzia wale matingo mpaka Kindness, amefundishwa kitu kimoja kabla ya vyote. Mnakijua. Hebu wachezaji, ni nini?

Mmesikia wenyewe. Pumzi moja.

Simama ubavuni mwa beki. Mpira usipoutoka mguu wa mwenzako, usiende. Ukitoka, shusha pumzi moja, ndipo ukimbie. Anawarudisha mara hamsini, mara mia, mpaka wanamchukia. Na kila msimu mpya anawakalisha chini wale wageni, anawasimulia kwa nini. Mimi nimewahi kumsikia kwa masikio yangu. Ilikuwa siku nimeleta nyavu mpya za magoli, wasichana wamekaa kwenye nyasi, na Kalisti anawaambia, "Mimi mnayeniona hapa, nilikuwa niende Dar. Nilikuwa na haraka. Niliondoka kabla ya mpira, nusu hatua tu, na nusu hatua hiyo ndiyo imeniweka Rau. Bendera haikunionea. Mimi ndiye niliyejionea." Kindness, ulikuwepo. Ulilia, nakumbuka.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na nyavu begani.

Ndugu zangu, sikuona.

Sijui niliseme vipi lieleweke zaidi ya hapo. Siku ile ya mwaka tisini na moja mlima ulikuwa umefungwa na mawingu tangu asubuhi, ninyi mnajua unavyokuwa. Benchi la wageni lilikuwa hatua tatu nyuma yangu, na watu wa Dar wakija Moshi hawana utulivu mpaka wauone. Dakika ya themanini na tatu, nikasikia benchi zima linapiga kelele, "Umefunguka! Umefunguka! Oneni theluji!" Na mimi, niliyezaliwa chini ya mlima huu, ninayeuona nikiamka na nikifunga duka, mimi ambaye nawacheka watalii wanaosimama katikati ya barabara kuupiga picha, nikageuza shingo kuutazama.

Labda sekunde mbili. Nilipoirudisha shingo mpira ulikuwa hewani na Kalisti alikuwa amekwishawapita mabeki wote, yuko peke yake. Nikajiambia, mtu hawezi kuwa mbele namna hiyo kwa halali. Mkono ukapanda wenyewe. Sikuona alipoanzia. Nilikisia.

Mtasema, mwamuzi ni binadamu, kosa la sekunde mbili, limepita. Ningekubali lingekuwa hilo tu. Lakini Jumanne iliyofuata Kalisti alikuja dukani kununua kufuli. Nilimwona anaingia nikadhani amekuja kunipiga, na nilikuwa tayari. Akanisalimia, akaegemea kaunta, akasema, "Dhiru, watu wanakutukana mtaani, usiwasikilize. Uliona vizuri. Niliwahi." Mtu aliyepoteza safari ya maisha yake alikuja kunifariji mimi! Na mimi nilifanya nini? Nilimfungia kufuli lake kwenye gazeti, nikamwambia karibu tena.

Halafu mwaka elfu mbili na tatu akaingia dukani dereva mmoja wa basi anatafuta pampu ya maji. Alinitambua kabla sijamtambua. Alikuwa Rodrick, beki wa kati wa ile timu ya Dar. Akacheka, akasema, "Mzee, siku ile ulituokoa. Yule jamaa alikuwa nyuma yangu hatua nzima. Nilimwona ananipita, nikajua tumekwisha." Hatua nzima! Kwa hiyo tangu mwaka huo sina hata kile kivuli cha kusema labda. Na bado nikanyamaza, miaka mingine zaidi ya ishirini, nikaleta nyavu, nikaleta chokaa ya mistari, nikaleta mabati ya jukwaa hili mlilokaa, ninyi mkanipigia makofi mkaniita mfadhili. Je, mfadhili gani huyo, anayemwacha rafiki yake ajilaumu mbele ya watoto kila mwaka kwa kosa ambalo si lake?

Naona aibu. Naona aibu sana, na naisema mbele yenu kwa sababu uongo wenyewe ulikaa mbele yenu.

Kalisti, hukuotea. Ulisubiri. Ulisubiri mpira utoke mguuni kama unavyowafundisha hawa, na ukaenda kwa wakati wako. Aliyekosa subira uwanjani siku ile ni mimi. Na usidhani nimekuja kukuharibia somo. Pumzi moja ni somo zuri, magoli ya Kindness yanatosha kulitetea. Nakuomba tu msimu ujao ukipita hapa kuwasalimu wageni, uwasimulie ilivyokuwa: mshambuliaji alikuwa sawa, na mwenye bendera alikuwa anatazama theluji.

Sasa Mama Mwenyekiti ananionyesha saa, namalizia.

Juzi nilipanda Kilema, nikapiga hodi kwa Digna wakati mwalimu yuko mazoezini. Nikamwomba jani la isale kutoka kwenye mpaka wa kihamba chao, shamba lao la urithi. Kwa wageni wetu, huku mlimani mtu akikuletea isale amekuja kuomba msamaha, na kulikataa si jambo dogo. Digna akanitazama. Akasema, "Nyie Wahindi nanyi mnatumia masale?" Nikamwambia, mama, mimi nimekosea Kichagga, nitaomba radhi kwa lugha gani nyingine? Akauliza nimemkosea nini mumewe. Nikamjibu utasikia Jumamosi. Nilikuwa nimeshika jani moja la chini, akanipiga mkono akasema, "Acha hilo limeanza kukauka, chukua bichi." Akanichumia mwenyewe, akalifunga fundo linavyotakiwa.

Hili hapa. Nilikuwa nimelificha ndani ya koti.

Kalisti, nalinyoosha kwako mbele ya watu hawa. Sikuombi unijibu kwa maneno. Mkono ninaoutumia ni uleule ulioinua bendera, na una miaka sitini na mitatu, hautakaa juu muda mrefu.

Mama Elisifa, tafadhali, usimsaidie, acha anyanyuke mwenyewe. Goti hilo linataka nafasi. Wachezaji, mpisheni mwalimu wenu.

Anakuja.

Amefika hapa, amesimama mbele yangu, hanyooshi mkono. Ananitazama. Kimya kidogo jamani, msimharakishe, ninyi mnajua anachofanya. Anashusha pumzi.

Amelishika.

Aika, mbe. Asante sana, Kalisti.

Mheshimiwa Diwani, Mama Mwenyekiti, wazee na ndugu zangu wote, nimezidisha dakika na naomba radhi kwa hilo pia. Kwa masikio mliyonipa, asanteni.