Kibao cha Arobaini

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Mwalimu Randa anastaafu baada ya kuitumikia shule yetu kwa miaka thelathini na mmoja. Jina hilo alipewa na wanafunzi, kwa sababu alikuja kufundisha useremala na randa haikumtoka mkononi.

Shule yetu iko mbele ya pale barabara inapoishia; ukishuka kwenye gari bado unatembea. Barua ilipofika kwamba tutaletewa kompyuta, hakuna mwalimu aliyewahi kugusa hata moja. Wengi walisema tusubiri zifike kwanza. Mwalimu Randa hajui kusubiri. Aliranda vibao arobaini, akachonga vitufe vya herufi kwa mpangilio alioona ndio wa akili: A, B, C, mpaka Z. Picha pekee tuliyokuwa nayo ilitoka gazetini, na vitufe vyake vilifanana na punje za mahindi. Mwaka mzima tulijifunza kuchapa kwenye mbao. Nasema “tulijifunza” kwa kuwa nilikuwemo, dawati la pili. Tulifumba macho tukagonga, na fundi aliyekuwa anaziba paa akauliza kama mvua ya mawe imeanza.

Kompyuta kumi zilifika kwa trekta, zimefunikwa magodoro. Mwenzetu aliyekuwa mwepesi kuliko sote alikaa, akafumba macho kwa madaha, akachapa jina lake. Kilichotokea kwenye skrini hakikuwa jina la mtu yeyote. Mtunza stoo akasema mashine imeumia njiani. Mwalimu Randa aliinamia vitufe, akasoma safu ya juu: Q, W, E, R. Kisha akatugeukia, mbele ya mkuu wa shule na wazazi wetu, akasema, “Aliyekosea ni mimi. Vidole vyenu havina kosa.”

Tangu hapo hakukaa kitako. Kwa siku kumi na moja aliranda vibao thelathini na tisa na kuvichonga upya; kimoja hakikuonekana. Vipindi vya kompyuta vilipoanza alikaa nyuma yetu na daftari lake, akijifunza pamoja nasi, na alipopata alama mbaya hakulificha daftari.

Leo chumba cha kompyuta kina mashine ishirini na nne, umeme wa jua, na mapazia ya kuzuia vumbi yaliyoshonwa na mkewe. Tarehe 19 Julai watahiniwa ishirini na wawili watafanya mtihani wa kompyuta kwa vitendo, kwa mara ya kwanza hapa. Mambo yakiharibika tutanyang’anywa kituo cha mtihani, na watakaofuata watalazimika kuufanyia mjini, safari ya siku nzima. Mstaafu haruhusiwi kuingia chumba cha mtihani. Nitakayekuwemo ni mimi, ninayerithi somo lake.

Kusema kweli hatutulii, yeye wala mimi. Amenikabidhi ufunguo mara tatu, na mara mbili amerudi kuuomba ili aangalie kitu kidogo tu. Jumatatu iliyopita, katikati ya zoezi la majaribio, mashine sita zilizimika kwa pamoja. Nilimwona dirishani, mikono nyuma, akihamisha uzito mguu huu na huu. Nilingoja aingie. Hakuingia. Nikatambaa chini ya meza, nikaufuata waya hadi kwenye soketi iliyolegea, nikaikaza. Mashine zilipowaka nikatazama dirishani tena. Alikuwa ameshafika getini, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alikuwa anatembea polepole.

Jana mkewe aliniletea kifurushi. Ndani mlikuwa na kibao cha arobaini, kile ambacho hakikurandwa upya. Miaka yote hiyo mama huyo alikuwa akikatia vitunguu juu yake, na A, B, C bado zinasomeka. Mumewe alikuwa amemtuma maneno machache, naye aliyafikisha huku akicheka: “Kaa nacho. Siku ukijiona unajua kila kitu, katia vitunguu juu yake.”

Kitakuwa mezani kwangu tarehe 19.

Mwalimu, kwa niaba ya walimu, wafanyakazi na wanafunzi wote, waliosoma kwenye mbao na wasiozijua, asante. Tunakutakia afya njema, usingizi wa mchana, na randa yenye makali. Matokeo yakitoka tutakuletea nyumbani sisi wenyewe. Tafadhali, safari hii ukae utusubiri.