Kipanya cha Fundi

Kijiwe cha marafiki watatu ni ubao mmoja mrefu mbele ya duka la ushonaji, ubao ambao wa huku akiinuka bila kuaga, wa kule anakula vumbi. Asubuhi hiyo Fundi, mwenye duka, alikaa katikati, mkono wake wa kulia umelala mapajani. Tangu kiharusi kimpitie, mkasi anaushika mkewe, yeye anaelekeza tu. Hilo alishalizoea. Lililomuuma ni mchezo wa kompyuta wa kujenga ngome na kubomoleana, ambao yeye na mdogo wake, kila mtu kwake, walishindana kila Jumapili jioni kabla ya kiharusi. Sasa mdogo wake alikuwa amemletea kipanya kipya, na leo ilikuwa Jumapili.

— Kipanya gani hiki, kulia kushoto sawasawa? akauliza Hakimu, kinyozi, akikigeuza. Vitufe viwili ubavu huu, viwili ubavu huu!

— Cha watu wawili hicho, akasema Breki, fundi baiskeli. Mume huku, mke kule.

— Wapi! akapinga Hakimu. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Hivi vya upande huu ni vya akiba. Vile vikifa, unahamia.

— Na hiki cha tumboni?

— Cha kuongeza mwendo. Ila mtaka cha mvunguni sharti ainame, kwa hiyo unainama kwanza, ndipo kinakubali.

Breki akakipokea, akashusha sauti.

— Mnajua kinasoma kiganja? Kikikuona mwongo, kinazima taa.

— Ndiyo maana mkononi mwako hakiwaki!

— Hakiwaki kwa sababu waya unaning'inia, mwerevu we!

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Fundi naye akacheka, maana aliwapenda hawa, kwa uongo wao wote. Lakini moyo haukutulia. Mkono wa kushoto ukimwaibisha, mdogo wake si atamhurumia, ajiachie makusudi ashindwe? Huruma hiyo aliiogopa kuliko kiharusi chenyewe.

Hapo akafika shemeji yake, mke wa huyo mdogo mtu, amefuata gauni lake. Akasalimia, akasimama kukitazama kipanya kikitoka mkono wa kulia wa Breki, kikirudi mkono wa kulia wa Hakimu.

— Samahanini, akasema. Mwenyewe ameshakishika?

Hakimu akamtazama Breki. Kisha akakiweka kipanya ubaoni, upande wa kushoto wa Fundi.

Fundi akasogeza mkono taratibu. Mgongo wa kipanya ukamjaa kiganjani. Dole gumba likapapasa ubavuni, likavikuta vitufe viwili vipo palepale lilipotaka viwepo. Akabonyeza. Ta. Akabonyeza tena.

— Shemeji, akasema Fundi, machozi yakimlengalenga, mwambie huyo mdogo wangu leo ajenge ukuta mrefu.