Waya wa Bluu na Maziwa ya Pentekoste

Mgeni rasmi, Meneja wa mradi wetu wa vituo vya maziwa. Viongozi wa dini na wa kijiji. Wanachama wenzetu: shikamooni wakubwa, na wadogo hamjambo.

Mgeni rasmi, karibu Nduruma. Vumbi la barabarani utusamehe, chai ya maziwa ipo. Tungependa ukae kwa raha, ila sisi wenyewe hatujakaa kwa raha tangu asubuhi. Nyuma ya kiti chako kuna tanki lenye lita elfu moja na mia nane, na umeme umeshachezacheza mara mbili wakati turubai linafungwa. Kwa hiyo risala itakuwa fupi. Tuna ombi, na tunaogopa kuliomba.

TULIKOTOKA

Tulianza akina mama kumi na mmoja. Maziwa ya jioni tulikuwa tunayalaza kwenye beseni la maji, na kukipambazuka nusu yameganda. Mradi wako ukatuletea tanki la baridi, jenereta na kompyuta. Kompyuta ile kazi yake ni moja: umeme ukikatika, yenyewe inaishi kwa betri, na ni yenyewe tu inayoiwasha jenereta, kabla hujamaliza kusema "umekatika." Pembeni kuna kisanduku cha mtandao, kimeungwa na kompyuta kwa waya wa bluu, ili mafundi wako waichungulie wakiwa mjini.

TUNAYOJIVUNIA

Mwaka mzima hatukumwaga hata kikombe. Sifa hiyo ni ya mhudumu wa mtambo, Nanyori Lesian, mama wa watoto wanne. Yeye akisikia mashine inavyonguruma tu, anajua imeshiba au ina njaa.

KILICHOTUPATA

Jumapili ya Pentekoste, watu tukiwa kanisani, umeme ulikatika. Jenereta haikuwaka. Jumatatu tulimwaga lita elfu moja na mia moja kwenye mfereji mmoja. Mzee Yiamat, mfugaji wetu mkongwe, alisimama pale akasema, "Huu ni msiba. Vueni kofia." Tukavua.

Lawama zote zikamwangukia Nanyori. Anaimba sauti ya kwanza kwenye kwaya, basi tukasema amezima mtambo akakimbilia kuimba. Mgeni rasmi, hayo tuliyasema sisi, na sisi ndio tuliokuandikia. Yeye alijitetea: "Jamani, siku ile kwaya sikwenda, nilikuwa hapa. Kompyuta haikuzimika! Kioo kilikuwa kinawaka, na kaalama kadogo kanapepesa, kama mtu aliyeambiwa asubiri." Nani amsikilize? Alirudi nyumbani analia, na hakuna hata mmoja wetu aliyemsindikiza.

Wiki mbili baadaye ikatokea tena, saa nane mchana, ofisi imejaa watu, na yeye amesimama mbele ya macho yetu, mikono mitupu. Hapo tukaacha kumlaumu.

Nanyori hakutusuta. Alijaza tanki maji, akamwita mwenyekiti, Mzee Elirehema, awe shahidi. Akashusha swichi kuu: kompyuta ikasimama, jenereta kimya. Akairudisha, akachomoa waya wa bluu, akashusha tena: jenereta ikanguruma mpaka kuku wakatawanyika. Akachomeka waya: kimya.

"Mama, hebu rudia," alisema Elirehema.

Akarudia mara tatu. Kisha akatueleza. Kisanduku kikikosa umeme ghafla, katika kukata roho kinatuma ishara isiyo na maana kwenye ule waya. Kompyuta inaipokea kama amri ya fundi: simama, usifanye kitu mpaka nikuambie. Basi inatii. Inamsubiri fundi ambaye hayupo.

Lakini kwa nini mwaka wa kwanza haikutokea? Hapa ndipo penye aibu, ila mficha uchi hazai. Betri ina matundu mawili. Fundi wako aliweka kompyuta na kisanduku. Sisi wanachama, tukileta maziwa, tunachaji simu, na hatukutaka zikatike hata umeme ukikatika. Tukachomoa kisanduku, tukakipeleka kwenye tundu la ukutani, simu zikachukua nafasi yake. Nanyori alituonya. Tukamwambia, "Mama, acha kuringa na mashine."

CHANGAMOTO

Tuliuacha waya umechomolewa, tukapiga simu ofisini kwako, tukaambiwa tumechezea mitambo. Fundi alikuja, akarudisha waya wa bluu, akafunga kabati la kompyuta, akapiga lakiri tusilifungue, kisanduku kikiwa bado kwenye umeme wa ukutani. Tulimsihi. Alisema, "Mimi nina maagizo." Nanyori naye akasimamishwa kazi. Barua ya kumwachisha kabisa iko kwenye faili ulilokuja nalo, inasubiri sahihi yako, na ndani yake yamo maneno yetu yale ya mwanzo. Tumemwomba msomaji asiiruke aya hii hata sauti ikikwama.

MAOMBI

Mgeni rasmi, usituone wajuaji. Tunakuomba, kabla ya kukata utepe, uvunje lakiri kwa mkono wako. Waya wa bluu uchomolewe. Kisanduku kirudi kwenye betri, na mafundi waifundishe kompyuta kuipuuza ishara ile. Simu zetu tutachaji majumbani.

Kisha ushushe swichi kuu wewe mwenyewe, sote tukiangalia. Jenereta isipowaka, kalamu ipo mezani, weka sahihi. Ikiwaka, tunaomba hiyo barua uturudishie sisi tuliosema uongo, tuichane. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Mungu akufikishe salama kwako, ainyeshee Meru mvua za kutosha, na awabariki ng'ombe wetu pamoja na mikono inayowakamua.

Ni sisi, wanachama mia mbili na kumi na wawili wa Ushirika wa Maziwa Namayana, Nduruma.

Imesomwa kwa niaba yetu na Nanyori Lesian. Tulimchagua kwa kunyoosha mikono, na Mzee Yiamat alinyoosha yote miwili.