Mwaija Sufiani na Seli Zisizo na Haraka

Baada ya miaka thelathini na minne katika maabara ya hospitali yetu hapa Korogwe, Bi. Mwaija Sufiani anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Alianza kazi mwaka 1991, akitembea kwa miguu kutoka Manundu. Daktari aliyeingia maabara akitafuna karanga alitolewa nje kwa adabu, na karanga zikabaki kwa Bi. Mwaija.

Kazi yake ilikuwa kukata vipande vyembamba vya nyama iliyotolewa miilini mwa wagonjwa, kuvitia rangi na kuvitazama kwa hadubini. Mwaka 2016 Dkt. Valentino, wakati huo mgeni kazini, alimtoa uvimbe pajani Bi. Shida, mkulima wa Kwamsisi. Seli zilizokuwa zikigawanyika zilikuwa chache mno. Daktari akaona uvimbe ni mpole, akamruhusu Shida arudi nyumbani.

Bi. Mwaija hakuridhika. Pembezoni mwa uvimbe aliona seli zilizotulia, hazigawanyiki, lakini zimejipenyeza katikati ya nyuzi za msuli.

“Hizi zimelala, mama,” daktari alisema.

“Zingekuwa zimelala zingebaki kwao. Hazizaani, lakini zinatembea.”

Kipande kikapelekwa hospitali ya rufaa. Siku ya tisa majibu yakaja: ni saratani, na seli zile za polepole ndizo zilizotangulia kuuvamia msuli, huku zile zinazogawanyika zikikuza uvimbe nyuma yao.

Shida hakuwa na simu. Jumamosi Bi. Mwaija alipanda basi hadi Handeni, kisha bodaboda hadi Kwamsisi, akamkuta anapalilia mahindi.

“Mguu hauumi,” Shida alimwambia. “Nikilazwa tena, magugu haya atapalilia nani?”

Bi. Mwaija akavua viatu, akaazima jembe. Walipalilia hadi jioni, wakamalizia Jumapili. Jumatatu waliingia Korogwe pamoja, mtaalamu wetu akiwa na malengelenge viganjani, hawezi kushika hata kisu cha maabara. Operesheni ya pili iliondoa sehemu ya msuli iliyovamiwa. Jeraha likapona, Shida akarudi shambani, na miaka tisa baadaye bado analima.

Dkt. Valentino husimulia kisa hiki mwenyewe kwa kila daktari mgeni, bila kujipunguzia kosa. Nasi mafundi kumi na mmoja aliotufundisha Bi. Mwaija hatumalizi kusoma kipande kwenye kioo cha hadubini kabla ya kukagua kingo zake zote.

Wiki iliyopita nilimuuliza kwa nini alikwenda Kwamsisi mwenyewe wakati angeweza kutuma ujumbe kwa mwenyekiti wa kijiji. Alisema kwenye hadubini alikuwa ameona seli tu; alitaka kumwona mwenye mguu.

Bi. Mwaija, asante kwa macho yako na kwa subira yako. Tunakuombea afya, usingizi mzuri na miaka mingi ya furaha pamoja na wajukuu wako.

Edna, kwa niaba ya wenzako wa maabara