Mama Mkwe Aliyesemwa Anakunywa Damu Yangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi wa benchi za mbele, asifiwe na ninyi mliosimama mlangoni kwa sababu mvua imewazuia kurudi nyumbani. Mimi ni Kavira. Wengi mnanijua kama yule mama wa maharage pale soko la Musienene, mwenye sauti inayosikika mpaka barabarani. Leo nataka mjue kwamba sauti hii iliwahi kuisha kabisa, na kwamba mama mmoja asiye na kosa alikaribia kufukuzwa nyumbani kwake kwa ajili yangu. Nitayasema kama nilivyoyaona.

Ilikuwa miaka ya kwanza ya uhuru, wakati wa uasi. Mume wangu alikuwa amekwenda Manguredjipa kutafuta dhahabu. Barabara ikafungwa, tukabaki bila habari zake. Nyumbani tulikuwa wanawake watatu: mama mkwe wangu, wifi yangu Katungu, na mimi niliyekuwa na mimba. Waasi walipopita upande wetu tulikimbilia msituni, na tuliporudi mbuzi hawakuwepo tena. Alibaki kuku mmoja tu, jike, ambaye mama mkwe alimbeba chini ya kitenge chake siku zote zile za msituni, akimshika mdomo asilie. Kuku huyo alikuwa utajiri wake wote.

Sasa sikilizeni tulivyoishi, maana hapo ndipo ugonjwa wangu ulipotoka, ingawa sikujua. Nililima miguu mitupu tangu alfajiri, nikipanda kilima na kushuka. Maharage tuliyovuna tulipeleka sokoni tupate chumvi na sabuni. Sisi tulikula bugali na sombe, yale majani ya muhogo. Nyama ilikuwa ya wanaume. Mwanamke aliipika, akaonja mchuzi, basi. Na kuku? Na mayai? Ninyi wazee mnajua. Mwanamke hakuweka kuku mdomoni. Walisema akila ataota ndevu, na miguu yake itazoea kuchakura nje kama ya kuku, hatatulia kwa mume. Sikuona ubaya wowote. Mama yangu aliishi hivyo, na bibi yangu pia.

Nguvu zikaanza kunitoka. Nilipopanda na mzigo wa kuni mgongoni, kamba ikiwa imekaza kwenye paji la uso, nilisikia moyo ukipiga ndani ya masikio. Viganja vyangu vikawa vyeupe kama unga wa muhogo. Halafu nikashikwa na hamu ya udongo. Mvua ikinyesha, harufu ya ukuta wa jikoni ilinivuta kuliko harufu ya chakula. Nilikuwa nikibandua vipande na kutafuna. Katungu alinikuta siku moja akacheka mpaka akakaa chini.

“Wifi! Ukimaliza jiko, utaingia ku chumba? Tutalala wapi?”

Mama mkwe hakucheka. Alichukua samadi ya ng'ombe kwa jirani, akapaka ukuta wote ili nisiutamani tena.

Niliomba, ndugu zangu. Kila asubuhi nilisema: Bwana, nionyeshe kinachonimaliza. Kwani majirani walikwisha kuanza kunong'ona. Mwanamke kijana anakauka, na bibi mzee anayeishi naye hana hata kikohozi. Mnajua mahali maneno ya namna hiyo yanapoelekea.

Siku moja ya soko nilianguka njiani na kikapu changu cha maharage. Akina mama wa kanisa walitengeneza tipoyi kwa miti na vitenge, wakanibeba mpaka dispansari ya misheni. Munganga wa pale, baba mmoja mpole, alinishusha kope la chini la jicho akatazama kwa muda mrefu.

“Mama, unakulaka nini?”

“Bugali na sombe.”

“Na nyama?”

“Ni ya banaume.”

“Na mayai?”

“Aa, munganga! Mayai ni ya mwanamuke?”

“Na hii maharage yenye ilikuangusha, utaikula?”

“Ni ya soko.”

Alitikisa kichwa. Akaniambia damu yangu imepungua sana, karibu haipo, na kwamba mtoto tumboni anaomba damu kwa mama ambaye hana. Akasema pia kuna minyoo inayoingia kwa miguu mitupu shambani na kunyonya kidogo kidogo. Alinipa dawa ya minyoo na vidonge vya damu, lakini vilikuwa vichache, kwa sababu tangu vita dawa hazikuwa zikifika kutoka Beni.

“Dawa hii itakusukuma tu,” alisema. “Kutembea, utatembea na chakula. Maini, mayai, nyama, maharage. Usipokula, siku ya kuzaa hatutakuwa na la kufanya.”

Nilirudi, nikamweleza mama mkwe kila neno. Alinisikiliza akichambua mboga.

Lakini habari ilikuwa imenitangulia. Wale walionibeba walisimulia sokoni kwamba munganga mwenyewe amesema damu haipo, na watu wakashika neno hilo moja tu. Sasa ilikuwa imethibitishwa! Kesho yake kaka zangu wawili walifika. Mkubwa, Kambale, hakukubali hata kiti.

“Munganga amesema damu imeisha,” alisema. “Damu haina miguu. Nani ameichukua?”

Akamtazama mama mkwe. Kila mtu akamtazama mama mkwe.

“Mama huyu aondoke leo. Tukimukuta tena hapa, tutamupeleka kwa baaskari. Bao bataona la kufanya.”

Ndugu zangu, siku zile askari hawakuuliza maswali mengi. Na aende wapi? Kwao ni upande wa Mbau, na kule vijiji vilikuwa vitupu. Kumfukuza ilikuwa kumwua polepole. Nilitaka kusema, lakini pumzi ilikatika baada ya maneno mawili, na kaka akaona hiyo ni dalili nyingine ya uchawi. Nilibaki kulia kimoyomoyo: Bwana, Bwana, fanya kitu!

Mama mkwe akasimama. Akaenda nyuma ya nyumba, tukasikia kuku analia, halafu kimya. Kaka zangu wakatazamana, wakakaa. Walifikiri anawapikia wageni kwa heshima, awaage. Walingoja kwa utulivu harufu ilipoanza kutoka.

Alileta chungu akakiweka katikati. Hakuwapa wao. Alitoa ini na paja, akaviweka kwenye sahani yangu. Kisha akachukua kipande kingine, mbele ya wanaume wawili, akakiweka mdomoni mwake na kutafuna.

Katungu alipiga kelele. “Mama! Utaota ndevu!”

“Niote,” akasema. “Nikikuwa mwanaume, labda hawa baba batanisikia.”

Hakuna aliyecheka. Alimeza, akafuta mdomo, akamgeukia Kambale.

“Munasema nilikunywa damu ya muke ya mutoto wangu. Sawa. Basi muniache niirudishe. Mupite hapa kila siku ya soko, mumuangalie macho. Siku yenye mutaona hairudi, nitaondoka mwenyewe, hapana kwa kusukumwa.” Kisha akaniambia mimi: “Mwanangu, munganga alisema nini? Kula.”

Nilikula. Nilikuwa nimeomba Mungu anionyeshe kinachonimaliza, naye alinionyesha: miguu yangu mitupu, kikapu cha maharage kilichokwenda sokoni chote, na sahani yangu isiyo na kitu. Na mkono aliouchagua kunirudishia uhai ulikuwa wa mama yule yule tuliyekuwa tukimwogopa. Haleluya!

Tangu siku hiyo mama mkwe alifanya kazi kama mtu aliyeshitakiwa na kupewa nafasi ya kujitetea. Alitenga maharage ya nyumba kabla ya yale ya soko. Alipanda lengalenga, yaani mchicha, mpaka kando ya choo. Alikwenda kwenye gari lililoungua barabara ya Beni, akakata mpira wa gurudumu, akanishonea viatu vya shambani. Na akina mama wa kanisa, ambao wenyewe hawakula mayai, waliyaleta moja moja ndani ya vilemba vyao, wakitazama huku na huku kama wezi. “Ficha, ficha,” walisema, “bwana wangu asione.” Baadaye niliona wengine wanakula nami, migongo yao ikielekea mlango.

Kaka zangu walipita kila siku ya soko. Kambale alinishusha kope, akatazama, akaondoka. Mwanzoni palikuwa peupe. Mama mkwe alisimama kando, mikono ikishika kitenge, na nilijua anaomba. Kisha hamu ya udongo ikaniisha. Nikapanda kilima bila kukaa. Siku moja Kambale alishusha kope la kulia, akashusha la kushoto, akarudia la kulia.

“Imerudi,” alisema.

Hakujua kuomba msamaha kwa mdomo. Alimwuliza mama mkwe jembe lake liko wapi, akaenda kumlimia shamba mpaka jua likashuka. Jioni mama mkwe alimpakulia chakula cha kutosha, wakala pamoja.

Nilizaa binti, na siku ya kuzaa niliinuka kwa miguu yangu mwenyewe. Barabara ilipofunguka mume wangu alirudi, akatukuta tunakula mayai mchana kweupe. “Hapa ni kwangu kweli?” aliuliza. Mama yake akamsogezea kiti.

Mama huyo Mungu alimpa miaka mingi. Alipolala usingizi wa mwisho, mimi na Katungu ndio tuliomwosha. Tulipogusa kidevu chake tukatazamana, tukacheka katikati ya machozi. Kilikuwa laini kama cha mtoto.

Ndugu zangu, namshukuru Mungu aliyeniponya, na aliyeokoa mwenye haki machoni pa washitaki wake. Mtumainini! Mwenzako akidhoofika, usitafute kwanza mchawi. Piga magoti, umpeleke dispansari, utazame sahani yake. Leo mkirudi nyumbani, mama mwenye mimba apakuliwe wa kwanza, na apewe nyama. Akisema anaogopa ndevu, mleteni kwangu.