Injini ya Mwaka Sabini na Mbili

Basi la Ludlow lilikuwa halijatoka hata kituoni, na tayari Glenys alikuwa ameacha kufuma soksi ili awasikie vizuri wawili wa kiti cha mbele. Mzee Wilf alikuwa amepakata kabureta kama kitoto kichanga. Gari lake ameliunda mwenyewe bandani kwa miaka tisa, na kesho linakwenda kukaguliwa na serikali kabla ya kuruhusiwa barabarani.

"Gari jipya, injini ya mwaka sabini na mbili!" alifoka bibi aliyekaa kando yake, mwenye sanduku kubwa la safari. "Unajificha nyuma ya injini kuukuu ili moshi wako usipimwe."

"Sijifichi, bibie. Sheria inasema injini ipimwe kwa kanuni za mwaka wake, na za mwaka huo ni kutazama moshi kwa macho tu. Barua ya kiwanda ya kuthibitisha umri wake ninayo. Wakiuona, wanifelishe."

"Si uweke ya kisasa?"

"Ya kisasa ukiigusa kwa spana inadai kompyuta. Hii naijua hata kikohozi chake. Siing'oi ng'o!"

"Na vifua vya wajukuu wetu, je?"

Wilf akajitia kuipangusa kabureta kwa leso. Glenys akadhani leo mzee kapatikana. Basi liliposimama kituo chake, mzee aliinuka na kabureta yake, akaligonga lile sanduku kwa kidole, penye kibandiko cha uwanja wa ndege.

"Umetoka nalo wapi?"

"Likizo. Uhispania."

"Kwa miguu?" akauliza Wilf, huku akishuka.